Mikono Nayo Itembee

Haya kuhusu kutembea kwa fimbo mbili niliyasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi mbele ya wenzangu wa matembezi ya asubuhi hapa Walukuba, Jinja. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioamka kabla ya jua wakati wenzenu bado wamejifunika gubigubi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, mwasuze mutya, na mulembe kwa ndugu zangu wa Mbale.

Naona macho yenu hayatoki kwenye hizi fimbo zilizoegemezwa ukutani. Basi nianze nazo. Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya kwanza niliposhika fimbo mbili na kutoka nazo barabarani, sikufika hata mita mia mbili. Kijana mmoja wa boda pale steji aliwasha pikipiki, akanifuata polepole, akaniambia kwa huruma kabisa, "Jajja, panda nikupeleke hospitali, hela utanipa siku nyingine." Nilimshukuru, nikamwambia niko sawa, nafanya mazoezi. Hakuamini. Jioni jirani yangu akaja na chupa ya chai na maandazi kunipa pole, maana habari zilikuwa zimeshamfikia kwamba mimi, Nalongo, nimepooza upande mmoja.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu hicho ndicho kikwazo cha kwanza, na kwa watu wengi ndicho kikubwa kuliko vyote. Kwetu fimbo ina lugha yake. Mzee akishika fimbo moja, anaheshimika. Mchungaji akishika fimbo, yuko kazini. Lakini mtu akishika mbili, watu wanaona mgonjwa. Na kweli, mgonjwa anaziegemea fimbo zake. Hizi hatuziegemei. Tunazisukuma nyuma, nazo zinatupeleka mbele. Leo nataka mlielewe jambo hilo moja, mlielewe kwa mikono yenu.

Wengi wenu mnanijua. Nilikuwa muuguzi miaka 34, na tangu nistaafu natembea. Miaka tisa sasa nashika njia ileile: natoka nyumbani, nateremka hadi Masese, natazama mitumbwi ikirudi na samaki, napanda tena. Dakika 45. Mwaka wa kwanza njia ile ilinifanyia mema mengi. Nilipungua, presha ikatulia, usingizi ukarudi. Mwaka wa tatu sikuona badiliko. Mwaka wa sita nikaanza kunenepa tena, na mimi sijaacha hata wiki moja! Nilijilaumu sana, nikidhani ni chakula, nikapunguza posho, yaani ugali, nikapunguza matoke. Kumbe mwili ulikuwa umeizoea ile njia kama punda wa maji anavyoijua njia ya kisimani. Anakwenda huku amelala. Na mimi umri ulikuwa umesonga, hatua zimefupika, mwendo umepoa bila mimi kujua. Dakika zilikuwa zilezile, kazi ilikuwa imepungua.

Lakini kuna jambo lililoniuma zaidi ya uzito. Siku moja nilijitazama kwenye kioo cha duka nikipita. Niliona mwanamke aliyejikunja mabega mbele, mikono imefungwa nyuma ya mgongo, kichwa kikitazama chini. Miguu inafanya kazi. Kuanzia kiunoni kwenda juu hakuna anayefanya kitu. Nikasema, mimi natembea nusu mtu. Miaka yote ile nimewapa miguu mazoezi, mikono na mgongo nimewaacha wapande bure kama abiria.

Jamani, sisi watu wa Uganda tumesifiwa duniani kwa jambo hili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya nchi 168, kuangalia watu wazima wangapi hawautumii mwili wao vya kutosha. Uganda ilikuwa na asilimia 5.5 tu, kiwango cha chini kuliko nchi zote. Kuwait walikuwa asilimia 67. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini nikiwatazama waliomo humu ndani, najiuliza sifa ile ni ya nani. Ni ya mama wa kijijini Kamuli anayelima tangu alfajiri, akabeba kuni, akateka maji, akatwanga. Huyo mgongo wake na mikono yake inafanya kazi kuliko miguu. Sisi wa mjini maji yako bombani, sokoni tunakwenda na boda, na jembe tumeliacha kwa dada zetu. Tukasema tutatembea, na ni vizuri tulivyosema. Ila kutembea peke yake hakuturudishii ile kazi ya mikono tuliyoiacha kijijini. Fimbo hizi zinairudisha, angalau sehemu yake.

Sasa zimetoka wapi? Zimetoka Ufini, nchi ya baridi kali kule kaskazini mwa Ulaya, ambako theluji inafunika ardhi miezi mingi. Watu wa huko husafiri na hushindana juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba wanazovaa miguuni, huku wanajisukuma kwa fimbo mbili. Sisi theluji yetu iko juu ya Rwenzori peke yake, nayo kila mwaka inazidi kupungua, kwa hiyo mchezo huo hatuujui. Majira ya joto theluji ikiyeyuka, wanamichezo hao walihofia miili italegea, wakawa wanavua skii lakini fimbo hawaziweki. Walikimbia nazo na kupanda nazo vilima. Baadaye watu wa kawaida, wasio na shindano lolote, wakaona kwamba kumbe inafaa hata kwa kutembea tu. Mwaka 1997 kampuni ya huko inayoitwa Exel ikatoa fimbo maalumu za watembeaji na kueneza jina la Nordic walking, nasi tunaweza kusema matembezi ya Kinodiki. Mwaka 2000 kikaanzishwa chama cha kimataifa. Lakini Wafini wenyewe nyumbani kwao wanaita sauvakävely. Binti ya dada yangu anayefanya kazi huko alinifafanulia: sauva ni fimbo, kävely ni kutembea. Kutembea kwa fimbo, basi. Nilipenda sana kwamba wenye jambo lao wameliita kwa jina la kawaida namna hiyo. Yeye ndiye aliyeniletea jozi yangu ya kwanza alipokuja likizo.

Faida yake niwaambie ile niliyo na hakika nayo. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Cooper kule Dallas, Marekani, walichukua wanawake 11 na wanaume 11, wakawatembeza mita 1,600 bila fimbo na kisha kwa fimbo, wakipima pumzi zao. Kwa fimbo mwili ulitumia hewa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 20. Na hili ndilo lililonivutia: walipoulizwa umechoka kiasi gani, majibu yao hayakutofautiana sana. Maana yake kazi imegawanywa. Mzigo uliokuwa wa watu wawili sasa unabebwa na wanne, hakuna anayelalamika.

Mtawasikia pia wanaosema fimbo zinaondoa theluthi ya uzito magotini. Hilo sitawauzia. Wapo waliopima wakakuta goti halipati nafuu kubwa kwenye njia tambarare. Mimi magoti yangu yananishukuru nikiteremka mlima, kwa sababu naweka fimbo chini kabla ya hatua na zinanipunguzia kishindo. Kwenye tambarare sioni tofauti. Mwenye goti bovu asije na matumaini ya muujiza halafu akavunjika moyo.

Haya, tuingie kwenye mwendo wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana kati ya watu kumi ninaowaona kwenye simu wakitembea na fimbo, saba wanazibeba tu.

Usianze kwa kusukuma. Anza kwa kuburuta. Vaa mikanda ya viganja, fungua mikono kabisa, ziache fimbo zining'inie, kisha tembea kama unavyotembea siku zote. Zitaburutika nyuma yako, utasikia krr, krr, krr kwenye changarawe. Usifanye kitu kingine. Tembea mita mia moja hivyo, piga soga na mwenzako. Taratibu mikono itaanza kupishana na miguu, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mkono wa kushoto na mguu wa kulia, kama Mungu alivyotuumba. Ukianza kufikiria tu, unaharibu. Utajikuta mkono wa kulia na mguu wa kulia vinakwenda pamoja, mwendo wa ngamia huo, na utapepesuka. Ikitokea, simama, achia fimbo ziburutike, anza upya. Imewatokea wote niliowafundisha, mmoja alikuwa askari mstaafu aliyepiga gwaride miaka ishirini.

Mikono ikishakubali kupishana, ongeza jambo moja. Mkono unapofika mbele, kama unamnyooshea mtu umsalimie, bana mshikio kidogo. Ncha ya fimbo itagusa ardhi yenyewe, tena itagusa usawa wa miguu au nyuma yake kidogo, fimbo imelala kuelekea nyuma. Sikilizeni vizuri hapo: ncha haitangulii mguu. Ikitangulia, umekuwa mgonjwa wa kuegemea tena, na kila hatua unajifunga breki. Sasa kandamiza chini na nyuma, mkono ukiwa umenyooka, nguvu ikipita kwenye mkanda. Usikate sukuma yako kiunoni. Ipeleke mpaka mkono upite nyonga, na hapo kiganja kifunguke, kama mtu anayedondosha punje za mahindi kwenye shimo nyuma yake. Kisha mkono urudi mbele wenyewe. Kubana mbele, kufungua nyuma. Bana, fungua. Asiyefungua kiganja atatoka na maumivu ya mikono na shingo, kisha atalaumu fimbo.

Miguu nayo ipewe nafasi. Kisigino kitangulie, unyayo ubingirike, vidole visukume. Hatua itarefuka yenyewe kwa sababu mkono wa nyuma unaidai. Tazama mbele, mbali, mtu anayekuja umjue kwa sura kabla hajakusalimia. Kesho yake asubuhi utajua kama ulifanya sawasawa: utasikia uchovu nyuma ya mikono, pale juu ya kiwiko, na chini ya mabega mgongoni. Kama unasikia uchovu miguuni peke yake, ulizibeba.

Wengine mnanitazama na swali la fedha. Nalijua, maana jozi ya kiwandani ni ghali na hapa Jinja haipatikani kirahisi. Hizi kumi na mbili mnazoziona pale ukutani, moja tu ni jozi ya Ulaya. Jozi nyingine tano ni mianzi. Ndugu zetu wa Bugisu wanaujua mwanzi kwa sababu ya malewa, wanakula machipukizi yake, na fundi mmoja anayetengeneza vigoda alinichagulia myembamba iliyokauka vizuri, isiyo na ufa, akaikata chini ya kifundo ili ncha isipasuke. Kisha nikaipeleka kwa fundi viatu pale sokoni, yule anayeshona lugabire, ndala za matairi.

Nilikaa kwenye benchi lake nikamtazama. Alichukua kipande cha tairi kuukuu la lori, akachora duara kwa msumari, akaanza kukata huku anachovya kisu kwenye kopo la maji kila mara, maana mpira mkavu unakishika kisu kisipite. Nikamwomba upande wa chini aukate mshazari, kwa sababu fimbo hii inagusa ardhi ikiwa imelala, haigusi wima. Aliielewa kabla sijamaliza kusema. Akatoboa shimo nusu ya unene, akasukumiza mwanzi, akauzungushia utepe wa tyubu ya baiskeli mpaka ukakaza. Mkanda wa kiganja akaushona kwa turubai, akaweka kitambaa laini ndani, chini ya kidole gumba. Jozi nzima ilinigharimu shilingi elfu nane, na haijanipotezea hata soli moja mpaka leo. Ni kweli mwanzi ni mzito kuliko ile ya Ulaya na haurudishi nguvu kama ile. Lakini mkono haujui nchi fimbo ilikotoka. Kila asubuhi ikague, upitishe kidole kutoka juu hadi chini. Ukihisi ufa, iache iwe ya kuegemeza nyanya bustanini.

Urefu ni hesabu ndogo. Chukua urefu wako kwa sentimita, zidisha kwa 0.66, na kama una miguu mirefu au mwendo wa kasi, 0.68. Mtu wa sentimita 160 anapata 106 mpaka 109. Ukikosa karatasi, simamisha fimbo wima mbele yako na ushike mshikio; kiwiko kiwe kimekunjwa kama pembe ya meza, au wazi kidogo zaidi. Ukisita kati ya urefu miwili, chagua fupi. Ndefu inayainua mabega mpaka masikioni.

Nilipata ajali nayo, na sitaki mwenzangu aipate. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, nikapita juu ya mtaro uliofunikwa kwa vibamba vya zege. Ncha ikazama katikati ya vibamba viwili. Mimi nilikuwa nimeikamata fimbo kwa nguvu zote, na mkanda nilikuwa nimeukaza kama saa ya mkononi. Mwili ukaenda, fimbo ikabaki, kidole gumba kikavutwa nje. Kilivimba wiki tatu, sikuweza kukamua nguo wala kumenya matoke. Wanaocheza skii wanaumia vivyo hivyo, hata madaktari wameyapa maumivu hayo jina la kidole gumba cha mtu wa skii. Kwa hiyo mkanda uwe mlegevu kiasi cha mkono kuchomoka, na mtu akianza kuanguka aachie. Kwenye vibamba vya mitaro, inueni fimbo, zibebeni mpaka mpite. Kwenye lami vaeni soli za mpira. Kwenye udongo wetu mwekundu ukilowa, ncha tupu inazama na kushika vizuri zaidi ya mpira, basi wenye za kiwandani wavue. Na barabarani tutembee kulia, magari yaje tukiyaona usoni, tena mmoja nyuma ya mwenzake, fimbo zikiwa karibu na mwili.

Wenye presha isiyotulia, wenye kizunguzungu, na waliopasuliwa bega au mkono, waonane kwanza na daktari wao. Wenye sukari, nawaomba kama muuguzi na kama dada yenu: kabla ya kuvaa viatu, tieni mkono ndani mpapase, na mkirudi tazameni nyayo, hata katikati ya vidole. Kijiwe kimoja ambacho hukukisikia kinaweza kukugharimu mguu. Nimeviona hivyo wodini, sitavisahau.

Sasa, sijaja kuwaambia mwache matembezi yenu ya kawaida. Nakataza kabisa kubadilisha siku zote kwa pamoja, maana mabega yatakataa na mtaacha. Mimi nilianza na dakika 15 za fimbo mara mbili kwa wiki, siku zilizobaki natembea mikono mitupu kama zamani. Baada ya mwezi nikafika nusu saa. Leo siku yangu ya Jumanne ni ya nguzo za umeme: nasukuma kwa nguvu kutoka nguzo moja mpaka ya pili, napoa mpaka ya tatu, narudia mara nane. Nikiwa kwenye kasi naweza kujibu salamu lakini siwezi kuimba, hicho ndicho kipimo changu. Alhamisi naburuta tu mwendo wa taratibu na mjukuu wangu. Jumapili sishiki fimbo. Shirika la Afya Duniani linatutaka tufikishe walau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, na siku mbili za kazi ya misuli. Waliofika miaka 65 linawataka pia wafanye mazoezi ya kutoanguka siku tatu. Fimbo zinagusa yote matatu kwa wakati mmoja, ingawa kwa misuli bado nanyanyua madumu yangu mawili ya maji uani.

Jumamosi ni siku ya mlima, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote. Tunapanda Mpumudde. Mnajua jina hilo maana yake ni "nimepumzika", na mnajua Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alifia hapo mwezi wa nne mwaka 1923, akirudi nyumbani Bunyoro baada ya Waingereza kumweka uhamishoni Shelisheli kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakufika kwao. Miaka yote nilikipita kile kilima kwa boda. Nilikipanda kwa miguu yangu mara ya kwanza mwezi wa tano mwaka huu, nina miaka 61, fimbo zikinisukuma, na nilipofika juu nikageuka nikauona mji wetu, mto na ziwa, kifua kinapanda na kushuka, nikalia. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimedhani mambo ya kupanda milima yameshanipita.

Ukipanda, egemeza mwili mbele kidogo, fupisha hatua, sukuma kwa nguvu nyuma. Ukishuka, kunja magoti, tanguliza fimbo kidogo. Hapo peke yake ndipo ninaporuhusu zitangulie.

Aliyeniuliza pale mlangoni kama fimbo zinafaa kwa safari ya Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda, nimjibu mbele ya wote. Ndugu zangu mnaokwenda kwa miguu kwa ajili ya tarehe 3 Juni, kutoka hapa ni kama kilomita 70, na wengi wenu hushika fimbo moja tangu zamani. Fimbo moja inamwinamisha mtu upande mmoja siku nzima. Jaribuni mbili, lakini msianze siku ya safari, anzeni miezi mitatu kabla. Na ndugu zangu Waislamu mnaojiandaa kwa hija, kule kwenye umati hakuna nafasi ya fimbo mbili, msizibebe. Lakini Safa na Marwa mara saba ni kilomita 3 hivi, juu ya tawafu na mizunguko mingine yote, na mgongo uliozoea kusimama wima utawasaidia.

Mama mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angependa, ila anaona aibu ya watu. Mama yangu, mimi nilipita steji ile wiki tatu mfululizo. Wiki ya kwanza walinipa pole. Wiki ya pili walinicheka. Wiki ya tatu yule kijana aliyetaka kunipeleka hospitali aliniomba nimwazime fimbo ajaribu, kwa sababu mgongo unamuuma kwa kukaa kwenye pikipiki kutwa. Alitembea mpaka kwenye duka la dawa na kurudi, jasho linamtoka. Yuko hapa leo, amesimama nyuma pale kwenye dirisha. Ndiye atakayewasaidia kufunga mikanda.

Basi tutoke nje kabla jua halijawa kali. Zipo jozi sita, tutapokezana, tutakwenda hadi kwenye ule mwembe na kurudi, wa kwanza waburute tu. Mama wa gomesi ya kijani, wewe njoo uanze. Simama wima hapa, vua kwanza hiyo saa. Nipe mkono wa kulia. Uingize kutoka chini ya mkanda, hivyo, kama unavaa glavu. Sasa fungua kiganja. Achia. Achia kabisa, haitaanguka, nimeishika.